Filamu Tuliyoifanyia Sadaka

Galkandegama,
Kurunegala.
9 Novemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Kusumalatha,

Hujambo huko Kuwait? Mgongo umepona, au yule bibi bado anakupandisha ngazi na mazulia yake? Sisi wazima wa mwili tu. Mama anakula, mpunga umekubali, na mwanao Pasan amefaulu mtihani wa hesabu. Mema ndiyo hayo. Sasa kaa kitako.

Unamkumbuka yule binti wa Kolombo aliyekuja na kamera kutuhoji sisi wazazi wa askari waliokufa? Wiki iliyopita alileta filamu yake katika ukumbi wa hekalu. Kwa ujinga wetu tulidhani ni kumbukumbu ya watoto. Tukavaa nyeupe, tukapika, tukamwalika mtawa, tukatundika mashada ya maua juu ya kitambaa cha sinema na kuwasha taa za mafuta chini yake. Kusuma, tuliifanyia filamu sadaka ya marehemu!

Mwanzoni tulilia vizuri. Picha ya Indunil wangu ilipotokea, Somawathi wa dukani alinishika mkono. Kisha akatokea Tilakasiri, yule wa mguu mmoja aliyekuwa kikosi kimoja na Indunil. Akasema Indunil hakuuawa na adui. Aliamriwa awapige risasi wanawake waliokuwa wakija na kitambaa cheupe cha kujisalimisha, akatupa bunduki chini, na ofisa wake mwenyewe akampiga risasi ya shingo.

Naye Tilakasiri alikuwa amekaa palepale ukumbini, nyuma yetu.

Baba yake Ruwan, mfiwa mwenzetu, aliruka juu. "Kwa hiyo wanetu waliua wanawake? Sema, kiwete we! Nani kakununua?" Shemeji yako akamkwida Tilakasiri shati, akamwangusha. Tilakasiri alikuwa akisema tu, "Jamani, ngojeni iishe. Mama, ngoja iishe kwanza."

Kuniita mama ndiko kulikonitia wazimu. Miaka mitatu amekunywa chai kwangu chini ya picha ya mwanangu, kimya, halafu anakwenda kuiambia kamera! Nilinyakua gongo lake nikampiga nalo mdomoni. Nikarudia. Nilisikia taya likivunjika, na sikuacha. Meno mawili yaliangukia kwenye sahani ya sadaka. Wenzangu wakamkanyaga, wakaivunja mashine ya sinema, wakamburura yule binti kwa nywele. Taa zikamwagika na kitambaa kikashika moto. Mtawa alitusihi mpaka sauti ikamkauka. Nguo zetu nyeupe zilikuwa kama za wachinjaji.

Usidhani hasira ile ilitupatanisha. Kile kibanda cha basi tulichojenga kwa jina la Indunil kimepakwa kinyesi cha ng'ombe, na waliofanya hivyo ni wazazi wenzangu. Wanasema mwanangu alikuwa msaliti. Somawathi hanisalimu. Shemeji yako yuko ndani; amewaambia polisi kuwa ni yeye aliyeshika gongo. Nami nilinyamaza, na hujui ninavyojichukia.

Jana yule binti alinijia, mkono umefungwa bandeji. Hakunigombeza. Alinisimulia kipande cha filamu ambacho hatukukiona. Anamuuliza Tilakasiri, Indunil alisema nini kabla ya kukata roho. Naye anajibu, "Hilo si la kamera, dada. Ni la mama yake. Filamu ikiisha nitamwambia mwenyewe. Nimejaribu sana, nikimwona tu mdomo unakuwa mzito."

Nilikwenda hospitali mbio. Taya limefungwa kwa waya, ulimi umeshonwa. Nikapiga magoti, nikamwekea daftari na kalamu. "Mwanangu, niandikie. Hata neno moja tu." Akaandika, "Nilikwambia ungoje." Akageukia ukutani.

Daktari anasema itachukua miezi kabla hajaweza kuzungumza. Nikiwaambia polisi ukweli, siku atakapozungumza nitakuwa gerezani. Nisipowaambia, mume wangu ataoza ndani kwa kosa langu. Kesho asubuhi nakwenda polisi.

Mama anakusalimu, na Pasan anauliza utarudi lini. Msalimie Chandralatha mnayelala naye chumba kimoja. Baraka za Buddha zikufunike, na mwajiri wako apate huruma.

Ukirudi kabla sijatoka gerezani, mwendee Tilakasiri, umsikilize kwa niaba yangu. Usimkatize.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Dingirimenike