Mtihani wa Shangazi

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma kwa kuchagua. Vyuo viwili vimenikubali nisomee shahada ya ukutubi. Kimoja kina jengo jipya la vioo na kompyuta kila meza. Kingine kimechakaa, hata paa la maktaba linavuja. Baba anasema cha vioo, wala hakufikiri mara mbili. Wewe uliyetunza maktaba ya mji wetu miaka ishirini na miwili, unasemaje?

Mwanao

11 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti linalalamika nikipanda ngazi ya kabati za juu tu. Baba yako ni mdogo wangu na nampenda, lakini kitabu cha mwisho alichosoma ni cha maelekezo ya redio. Achana naye.

Nenda kote kuwili. Mwambie mkutubi: "Natafuta kitabu, jina nimesahau, jalada la kijani, kinahusu nyuki." Kisha nyamaza. Mimi huulizwa hivyo kila siku. Asipokuuliza chochote, aga uondoke.

Shangazi yako

29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda. Kwenye vioo waliniambia bila jina mashine haitafuti. Kwenye paa bovu, mkutubi, mama mmoja aliyevaa sweta, aliweka ndoo chini ya tone, akaniuliza: "Ulikisoma ukiwa na umri gani? Kilikuwa na picha? Nani alikupa?" Baada ya dakika kumi akaja nacho, cha kijani, cha nyuki. Kumbe kipo kweli!

Aliposikia natoka wapi, akanionyesha tangazo la halmashauri yetu. Baada ya miaka minne wanataka mkutubi mwenye shahada. Nafasi ni moja, nayo ni yako, na wewe shahada huna. Ulijua? Unanisomesha nije nikutoe kwenye kiti chako? Nililia pale pale, mama wa watu akabaki ameshika ndoo. Sikubali chuo chochote mpaka unijibu.

Mwanao

26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo tena, ingawa ile iliyopita hujaiitikia. Natumaini ni hasira tu, si ugonjwa.

Nimerudi kwa mama wa sweta. Chuo chao kina masomo ya likizo kwa walio kazini. Shahada ni hiyo hiyo, miaka mitatu, na miaka yako ya kazi wanaipokea badala ya cheti cha kujiunga. Cha vioo hakina mpango huo. Basi nimekubali nafasi kwenye paa bovu, na fomu yako hii hapa. Ukiipata shahada, kiti kinabaki chako. Mimi nitajitafutia changu. Jina lako nimeliandika kwa penseli. Futa ukitaka.

Mwanao

6 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba, zote mbili. Siumwi. Nilijua tangu Januari. Niliona kama lazima nimwachie mtu ile meza, afadhali nikuachie wewe, na nilikuwa nimeshaanza kulizoea wazo hilo. Barua yako ilinitia aibu, ndiyo maana nikanyamaza. Halafu fomu ikaniogopesha. Miaka hamsini na mmoja, niende na madaftari! Baba yako amecheka mpaka chai ikamwagika.

Palipoulizwa kwa nini nimechagua chuo hiki, nimeandika kwamba huko wanauliza maswali. Jina nimelipitishia wino.

Niwekee kiti, mbali na ndoo.

Shangazi yako