Mkasi Wako Haukuwa Butu

Chumba cha 6, Ghorofa ya Chini
Jumanne, 4 Juni

Mpendwa binti wa kaka yangu,

U hali gani, mwanangu, na wa nyumbani mwako hawajambo? Mimi nipo, ila mapafu yamechoka, na daktari ameacha kunidanganya. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Vumilia mwandiko.

Baba yako alikuja Jumapili. Amesema umepandishwa cheo pale ofisi ya bima. Nilifurahi, kisha nikaona aibu, maana ni mimi niliyekufikisha huko.

Unaikumbuka kazi yetu ya maabara. DNA ikikatika, huazima maandishi kwa pacha wake ili ijirekebishe, na katika kuazimana huko nyuzi zao hunasana, zikawa kama njia panda yenye matawi manne. Kimeng'enya, ile protini ifanyayo kazi ya mkasi, huja kukata pale penye fundo, kila mmoja aende zake. Mimi nilishikilia kwamba kinalitambua fundo kwa kusoma herufi za DNA. Wewe, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ukanijibu, "Shangazi, hakianzi kwa kusoma. Kinapapasa. Kikigusa umbo la njia panda, kinakata pande mbili kwa pamoja."

Ukajaribu mbele ya wote. Jeli tunayopimia vipande vya DNA haikuonyesha mkato hata mmoja. Nikasema, "Mkasi wako butu, mama." Watu wakacheka, na Mkasi Butu likawa jina lako mpaka ulipoiacha maabara.

Mwanangu, kosa lilikuwa langu. Asubuhi ile nilichemsha sampuli zangu, nikasahau kurudisha kipasha joto kwenye nyuzijoto thelathini na saba. Vichupa vyako vilikutana na tisini na tano. Njia panda zikafumuka, kimeng'enya kikaiva kama yai. Jioni nilikiona kipimo, nikakirudisha kimyakimya.

Miezi minne baadaye nililirudia jaribio lako. Kimeng'enya kilikata, pande zote mbili, kama ulivyosema. Nikayachapisha matokeo jaridani kwa jina langu peke yangu.

Yule fundi wa maabara, mzee wa utani, aliniona nikikizungusha kile kipimo. Juzi kaniletea machungwa, akaniuliza, "Dada mkubwa, bado hujamwambia? Unangoja aje akuulize kaburini?" Nikamwambia anipe karatasi, aache maneno.

Sikuombi unisamehe haraka. Nimemwandikia mhariri wa lile jarida kila kitu, naye amekubali kuchapisha sahihisho. Anauliza jina lako liandikweje, la baba yako au la mumeo. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu, nikaweka kalamu chini. Nimekuamulia vya kutosha. Mjibu mwenyewe; anwani yake iko nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie mumeo, wasichana wako wawili, na mama mkwe wako aliyenifunga karata. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema na wazee wakweli kuliko mimi.

Akupendaye, ingawa amechelewa kusema,
Shangazi yako