Klabu Imemwacha Mwanangu, Nami Nikacheka Jikoni

Mpendwa mshauri Doña Ercilia, naomba msaada wako, na naomba usiniite mama mbaya kabla hujafika mwisho wa barua hii, maana hapa mtaani wapo wa kutosha watakaoniita hivyo wakijua nilicho nacho moyoni, na mmoja wao ameshajua.

Mimi nina saluni ndogo sebuleni kwangu hapa Baní, mume wangu Eligio analima vitunguu, na kitinda mimba wetu, Yorfi, ana miaka kumi na sita, ni mdakaji wa besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji amevaa kinyago, na tangu akiwa mdogo alikuwa akidaka kila kitu, hata mayai niliyotoka nayo sokoni nikimrushia alikuwa akidaka bila kuvunja. Alipokuwa na miaka kumi na tatu alikuja Fremio, mtafutaji kama watafutaji wote unaowajua, wanaookota watoto viwanjani, wakawalaza na kuwalisha kwao na kuwanoa mpaka maskauti, wale wanaochagua wachezaji kwa niaba ya klabu za Marekani, wawapende, halafu siku ya kusaini nao wakate fungu lao. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja, akakunja nne, akasema, "Dada, huyu mtoto ana mkono wa dhahabu. Shule itamsubiri, mkono hausubiri," na sisi tukaangaliana, mimi na Eligio, tukamtoa shule akiwa darasa la saba, na Yorfi hakuwapo hata kuambiwa, alikuwa amekwenda kununua barafu.

Mwaka juzi skauti wa klabu moja, jina lake nalificha, akatoa neno kwamba Yorfi akifikisha umri, Januari siku ya kusaini, ni wao wanaomchukua, na neno lenyewe ni la mdomo tu kama ilivyo desturi, kwa sababu mtoto alikuwa bado hajafikia umri wa kutia sahihi, lakini wewe unatujua, Doña, hapa kwetu neno la skauti watu wanalila kama wali. Tangu siku hiyo mtoto hakuwa wangu tena, akawa wa mtaa. Mchungaji anayaombea magoti yake kwa majina, goti la kulia na goti la kushoto, wateja wangu wananiuliza kama nitawakumbuka nikihamia nyumba ya ghorofa, na Eligio, ambaye nimemsihi miaka na miaka aipake nyumba rangi, akaamka asubuhi moja akaanza kuipaka kijani ya klabu, akamaliza mbele na ubavu mmoja, akanunua na mbuzi wa sherehe akamfunga nyuma kwenye mlimau.

Yorfi alikuwa akija nyumbani Jumapili tu, na akija hachezi vitilla na wenzake hapo barabarani, ule mchezo wao wa kupiga kifuniko cha dumu la maji kwa mpini wa ufagio, kwa sababu Fremio alimkataza, alisema utamharibia mkono. Basi alikuwa anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki anawaangalia wenzake, anajisugua magoti, haongei, na mimi nikajiambia mtoto amekua, amepata akili ya kiume.

Sasa wiki ya kusaini ilipokaribia, wageni wameshafika kutoka Azua, wanawake wamejaa uani wanamenya mihogo, Eligio yuko juu ya ngazi na brashi, simu ya Fremio ikaja. Klabu imempa nafasi mtoto mwingine, wamebadili mawazo, na yule skauti hapokei simu tena. Eligio alibaki juu ya ngazi kama aliyegandishwa. Wifi yangu Mireya, dada yake Eligio, alipiga ukelele kama wa msibani, majirani wakaja mbio wakidhani kuna aliyekufa. Mimi nikaingia jikoni kupunguza moto wa maharage, na humo jikoni, Doña, pumzi ikanishuka kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, nikasema "Asante Mungu" kwa sauti, nikacheka. Sikutaka kucheka, kicheko kilikuja chenyewe. Kugeuka, Mireya yuko mlangoni.

"Wee, unacheka?"

"Sicheki, wifi. Ni moshi umeniingia machoni."

"Moshi? Wa jiko la gesi?"

Tangu hapo anasema ni mimi niliyemtia mwanangu mkosi, kwamba kijicho cha mama ni kikali kuliko cha jirani, na kwamba nisipomwambia Eligio mwenyewe, yeye atamwambia. Eligio anashinda kitini, na rangi hajaigusa tena, na wapita njia hawana huruma, wanamwita, "Bwana Eligio, nyumba yako mbona imeiva upande mmoja?" Na Yorfi siku ile alipoambiwa alisema tu, "Sawa, mama," akauliza kama maharage yameiva, akala sahani tatu, nikadhani ndiyo huzuni hiyo, wengine huzuni yao iko tumboni. Siku hizi anashinda barabarani anapiga vitilla, na nikiwa nakausha nywele za mteja nasikia anavyocheka huko nje, kicheko nilichokuwa nimekisahau, na nafurahi, halafu naona aibu kwa kufurahi.

Ningenyamaza yakapita, lakini Fremio amerudi. Anasema kuna onyesho la wachezaji huko Boca Chica Jumamosi ijayo, maskauti wa klabu nyingi watakaa hapo na saa zao na mashine zao za kupima mwendo wa mpira, anataka amchukue Yorfi wiki nzima kwanza, ampe sindano za vitamini mkono upate kasi kidogo, na safari hii hawatatuponyoka. Eligio akainuka kitini mara ya kwanza tangu ile simu. "Mke wangu, mlango umefunguka tena," akasema, macho yaking'aa. Akamgeukia Yorfi, "Utaenda, baba?" Yorfi akasema, "Mkitaka."

Sasa, Doña, katika nyumba hii yenye msiba waliofarijika ni wawili tu, mimi na yule mbuzi. Nikisema sitaki aende, na kumbe ndiyo ilikuwa riziki yake, atanilaani uzeeni. Nikinyamaza, wataniondolea mtoto ambaye ndiyo kwanza nimerudishiwa. Niseme au ninyamaze? Na mama anayecheka siku mwanawe alipokosa, ni mama wa namna gani?

Mama wa Nyumba ya Rangi Mbili, Baní

*

Mama wa Rangi Mbili,

Ni mama wa namna ya kawaida. Tuanzie hapo ili upumue, halafu nikugombeze.

Wako kina mama wengi katika mji huu waliocheka namna hiyo, ila wao walikuwa na bahati ya kutokuwa na wifi mlangoni. Kijicho hakipigi simu kwenye ofisi za klabu. Klabu ilimtaka mtoto, kisha ikamtaka mwingine, kama mteja wako anayekuambia atakuja Ijumaa umsuke kisha umwone kanisani kasukwa kwingine. Wewe hukuwafukuza. Ulifurahi kwamba wameondoka, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mwambie Mireya hivyo, na ukimaliza umpe kazi ya kufanya, maana naona ana muda mwingi.

Sasa nikugombeze. Umeandika habari za mihogo, za mbuzi, za magoti yaliyoombewa moja moja, na katikati yake ukapitisha "sindano za vitamini" haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi la maji akidhani hakuna aliyemwona. Nimekuona. Vitamini gani hiyo inayompa mkono kasi kwa wiki moja? Inatoka duka gani la dawa, inaitwaje, daktari gani kaiandika? Hujauliza kwa sababu jibu unalijua. Hakuna sindano, dada. Hili halina kikao cha familia wala maombi. Fremio akija na sindano, nyumba yenu ina upande wa kijani na upande mwingine, atokee wowote anaoupenda.

La pili. Unajiita uliyefarijika pamoja na mbuzi, wawili. Umehesabu vibaya. Hebu isome barua yako mwenyewe. Mtoto anaambiwa ndoto ya miaka mitatu imekufa, anauliza kama maharage yameiva. Anakula sahani tatu. Siku hizi anatoka barabarani kufanya kile alichokatazwa na kucheka mpaka unamsikia licha ya kelele za mashine ya nywele. Hiyo ni huzuni? Huzuni ya wapi hiyo inayoongeza sahani? Nimekaa kwenye safu hii miaka mingi nimesoma huzuni za kila aina, na hiyo sijawahi kuiona.

Lakini naweza kukosea, na wewe pia. Hapo ndipo penye kosa lenu, lako na la Eligio na la Fremio na la mchungaji. Kila mtu katika barua hii amesema maneno yake, Mireya amesema, hata wapita njia wamesema. Mwenye mkono amesema "Sawa, mama" na "Mkitaka." Hayo si majibu. Hivyo ndivyo anavyosema mtoto anayewapenda na anayeogopa kuwavunja moyo.

Muulize basi, lakini usimuulize mezani mbele ya baba yake, wala mbele ya wifi. Funga saluni asubuhi moja. Mkalishe Yorfi kwenye kile kiti cha wateja, kile kile alichokalia Fremio akakunja nne. Kwenye kiti hicho mliamua maisha yake naye amekwenda kununua barafu, sasa akikalie yeye. Mwoshe kichwa. Mtoto wa kiume wa umri ule hasemi ukweli akiangaliwa usoni, husema akiwa amefumba macho na maji ya vuguvugu yanamtiririka. Mwambie kwanza wewe ulivyocheka jikoni. Mwambie na aibu yako. Kisha uliza mara moja, unyamaze, na unyamaze kweli, hata akichukua muda wote wa povu kukauka.

Akisema anataka kwenda Boca Chica, basi utaimeza faraja yako kama dawa chungu na utakwenda naye. Wewe mwenyewe, umechukua na chakula, umekaa jukwaani pale maskauti wanapokuona. Atalala kwenu wiki hiyo, hatalala kwa Fremio, na atarusha kwa mkono aliopewa na Mungu. Mkono ukitosha, utatosha. Akisema hataki, hakuna Jumamosi, na hakuna mtu mzima atakayemuuliza mara ya pili kwa matumaini kwamba atabadilika. Na akisema anapenda kucheza lakini hapendi kuuzwa, usishangae. Wengi ni wa hivyo, ila hakuna skauti anayekuja kuwatafuta.

Vyovyote atakavyosema, shule. Zipo za mwisho wa wiki kwa waliochelewa, atakaa na watu wazima wenye watoto, hatakuwa mkubwa kuliko wote. Fremio alikuambia shule itasubiri. Katika yote aliyowahi kukuambia, hilo angalau lilikuwa kweli. Imesubiri. Mpeleke.

Kuhusu Fremio, mshukuru kwa heshima, alimlisha mtoto wenu na sikusikii ukisema alimpiga. Lakini asiwatie unyonge kwa kudai gharama zake. Mume wako ni mkulima wa vitunguu, anajua kuna mwaka unapanda, unapalilia, na bei inakufa wiki ya kuvuna. Hakuna mkulima anayekwenda kulidai shamba.

Amebaki Eligio, ambaye unamwogopa bure. Mwambie leo, kabla Mireya hajavaa viatu. Usianze na kicheko. Anza na rangi. Mwanamume aliyekataa kupaka nyumba miaka yote, siku moja anapanda ngazi mwenyewe, unadhani alikuwa anaipakia klabu? Alikuwa na furaha na hakujua pa kuiweka, akaiweka ukutani. Sasa anakaa chini anaiangalia kila siku. Mshike mkono, mwambie ulicheka na kwa nini. Huenda akakasirika siku mbili. Huenda naye ana lake ambalo halijapata jiko la kufichia. Kisha amkabidhi Yorfi brashi, amalize ubavu uliobaki kwa rangi anayoitaka yeye, iwe kijani, iwe ya waridi, iwe rangi ya kuumiza macho ya wapita njia.

Na yule mbuzi mchinjeni. Ndiyo, najua ni mwenzako katika faraja, mpe pole zangu. Waiteni wale wale wa Azua, na Mireya amenye mihogo. Wakiuliza mnasherehekea nini na klabu imewaacha, waambieni sherehe ilikuwa ya mtoto tangu mwanzo, na mtoto yuko nyumbani.