Neema Hakumwona

Jumatano, Bujonde

Redio ya jirani imebishana mchana kutwa, adhabu ya kunyonga iondolewe au ibaki. Mama Subira, tulikuwa tunaanika naye kokoa, akasema, "Aliyeua na yeye auawe, basi." Halafu akakumbuka mume wangu amehukumiwa kunyongwa. Akainama, akawa anageuza kokoa. Zamani hata mimi nilikuwa nasema hivyohivyo.

Usiku ule aliouawa mwenye duka, mume wangu alikuwa humu ndani na homa. Mimi nilikuwa msibani Ndandalo. Aliyebaki naye ni Neema, mke wa mwanetu. Alimsikia akikohoa mpaka alfajiri. Uji alimwekea mlangoni, akarudi kinyumenyume uso ameufunika. Sisi Wanyakyusa mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wake wala hataji jina lake, ndivyo tulivyolelewa.

Mahakamani wakamuuliza, "Usiku huo ulimwona kwa macho yako?"

Akasema, "Sikumwona." Akaona haya kueleza zaidi, maana mzee mwenyewe alikuwa amesimama palepale. Wakaandika.

Leo jioni Neema kaja jikoni. "Mama, siku ya rufaa nitamtazama usoni, na jina lake nitalitaja. Wanaotaka kunisema waniseme."

Nimemwambia, "Ndaga, mwanangu, asante."

Sijamwambia alichonieleza wakili, kwamba kwenye rufaa kwa kawaida shahidi haitwi tena. Majaji wanasoma yaliyoandikwa. Na kilichoandikwa ni kwamba hakumwona.