Blanketi Langu na Kompyuta Yako

Mpendwa Baba Edina,

Kamwene. Najua huko uliko hujibu, lakini mimi sikulelewa kuingia na ugomvi kabla ya salamu. Haya, nimesalimia. Sasa ugomvi.

Kompyuta yako ilinigomea. Si kule kugoma kwa zamani, ulipokuwa ukiipiga kofi ubavuni ikawaka. Safari hii iliwaka vizuri tu, mitandao ndiyo iliyoikataa. Wanafunzi wanakuja dukani kuomba vyuo, nafungua ukurasa, naambiwa mfumo wangu umepitwa na wakati. Basi wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Nikabaki na kazi ya kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Steshenari uliyoijenga miaka yote ile, Makambako nzima inaijua, ije ifie mikononi mwangu? Nikasema thubutu.

Nikajaribu mwenyewe kuiwekea mfumo mpya. Ikaniandikia kwamba kompyuta hii haikidhi vigezo. Nilisoma mara mbili, nikaona kama nimeandikiwa mimi. Maana hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisikia kila uliposema, "Mama Edina, kesho naipeleka Njombe kwa fundi."

Mwaka mzima wa kwanza nilidhani fundi wako ni mwanamume. Hukunidanganya, hukusema tu. Nilikuja kumwona Uwemba, baada ya misa, ulipomwita "Fundi Eliza!" kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitiwa, hata tukiwa wachumba. Tangu siku hiyo nikaanza kukuangalia. Kwa fundi wa pikipiki ulikwenda na kandambili. Kwa fundi wa kompyuta, shati limepigwa pasi na viatu vinang'aa! Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki, Baba Edina, na nikakonda kweli. Wewe ukasema ni malaria.

Unalikumbuka lile blanketi jekundu alilonipa mama siku ya kunitoa nyumbani? Alilikunjua mbele ya watu, akatuzungushia mabegani wote wawili, akasema, "Huku kwetu kuna baridi. Asije mmoja akajifunika peke yake." Watu wakapiga vigelegele, wewe ukalia, mimi nikakufuta machozi kwa pindo lake.

Halafu ikaja kompyuta. Kila Juni baridi ilipoanza kuuma, ulilitoa kitandani kwetu ukalipeleka dukani. Jioni ukifunga, mashine hukuizima, uliiacha inanguruma taratibu, ukaifunika gubigubi kama mtoto mchanga. Ulisema ikilala na baridi, asubuhi haiamki. Nikakuuliza, "Na mimi je?" Ukacheka, "Wewe si una mimi?" Jibu lilikuwa tamu, nikakuachia blanketi. Mjinga mimi.

Basi mwezi uliopita sikuwa na njia nyingine. Anayejua kuipigia mfumo mpya mashine ya kizee namna ile ni huyo fundi wako peke yake. Nikaivingirisha kwenye blanketi lile lile isigongwe, nikapanda kosta na kuipakata mpaka Njombe. Njiani nikapanga maneno yote nitakayomwambia huyo Eliza. Nilipofika nikasema, "Habari za kazi, dada."

Alinipokea vizuri mno, na hilo likanikera. Akanipa pole ya msiba, akanivutia stuli. Akafungua ubavu wa kompyuta, akachungulia, akachukua kibano. Akaanza kuvuta kwenye feni manyoya mekundu, bonge baada ya bonge, akiyapanga juu ya karatasi. Kisha akaliangalia blanketi mapajani mwangu.

"Kumbe ndilo hili," akasema.

"Lina nini?"

"Kila alipokuja nilitoa manyoya haya, mama. Nikamwambia asiifunike, inakosa hewa, itaungua. Akasema ni wewe unayeifunika, na husikii."

Mimi! Mimi niliyelala na kanga mbili na sweta lako!

"Ulimwambia mara ngapi?" nikauliza.

"Kila mara." Akainamia skrubu ambayo alishaikaza.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua blanketi linaiua, ukarudi dukani ukaifunika tena, ili iharibike tena, ili upige shati pasi tena. Na nauli yako ya kwenda kwake ilikuwa blanketi la mama yangu. Mungu akurehemu, maana mimi siku ile sikuweza.

Kazi ilichukua mchana kutwa. Akaongeza kumbukumbu, akachomeka flashi, akanieleza kuna namna ya kuupitisha mfumo mpya mlango wa nyuma hata mashine ikikataliwa mbele. Kabla ya kufuta ya zamani akasema tuokoe vitu vyako. Unajua mimi kompyuta naifungua kwa jina la Duka tu. Jina lako lina nywila, na tangu tukuzike sikuligusa. Nikafungua mdomo kusema siijui. Vidole vyake vikawa vimeshaichapa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nikatazama ukutani.

Humo ndani kulikuwa na picha za Edina, nyimbo za kwaya, mikataba ya watu wa parachichi, na picha yangu nikimenya viazi, nimenuna. Nilimtafuta yeye kila kona. Hayumo. Na hilo nalo likaniuma, maana asiye na la kuficha hasafishi nyumba namna ile. Au hukuwa na lolote, ulipenda tu kukaa pale ukizungumza na mtu anayeelewa mashine. Sijui. Nilitaka kumuuliza, nikaishia kulikunja blanketi.

"Nifute, mama?"

"Futa."

Sasa wanafunzi wamerudi, wamejaa mpaka mlangoni, na jirani ananisalimia kwa shingo upande. Kompyuta inalala wazi, na baridi yote hii inaamka mapema kuliko mimi. Blanketi limerudi kitandani. Nimelifua mara mbili, bado lina harufu yako, na bado najifunika nusu, upande wako nauacha. Hasira zangu zisikudanganye.

Mwishoni Eliza alinisogezea kibodi, akageuka akatazama dirishani. "Weka nywila mpya, mama." Nikaweka. Si jina la Edina, si siku ya ndoa, wala si kitu ambacho ungekisia. Yeye haijui. Wewe huijui. Ukiitaka, Baba Edina, safari hii itabidi uje kwangu.

Mkeo uliyemwacha na baridi,
Mama Edina