Ngano ya Mkesha

Zorivka, Saskatchewan
Januari 20, 1979

Mpendwa kaka Zenon,

Salamu nyingi zikufikie huko milimani na treni zako, na baridi ikuonee huruma. Sisi huku tunapumua. Mama anaamka, anakula kidogo. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono iliyopasuka. Tulikupigia simu pale unapopanga, mwenye nyumba akasema maporomoko ya theluji yamewafungia njiani. Nina neno zito, kaka, lakini niache nilifikie polepole.

Mavuno, kama ulivyosikia, yalikuwa makubwa mno. Tulifurahi, kumbe tulifurahi mapema. Ghala la stesheni lilijaa Septemba, na bwana Prystupa, msimamizi wake, akawa anatuambia kila Jumatatu kwamba mabehewa yanakuja. Hayakuja. Reli ni moja, treni ni nyingi, na zile za mbolea na makaa ndizo zilizopewa njia, zikatupita bila hata kupunguza mwendo. Ngano ambayo haijaondoka hailipwi, nawe wajua. Duka la akina Hrynkiw limefungwa. Fundi wa matrekta amehamia mjini na wanawe wote sita, shule imebaki na mwalimu mmoja.

Baba hakukulaumu hata siku moja, nataka ulijue hilo. Kila treni ilipopita alikwenda kwenye kivuko cha reli akavua kofia, hata kwenye baridi ile, eti huenda dereva ni wewe. Wazee wa stesheni walimtania: wewe Wasyl, mwanao dereva na bado anatuletea upepo mtupu! Naye akawajibu kwamba mwanawe anaendesha tu, wa kuisimamisha wako ofisini wanakunywa kahawa. Wakacheka, naye akacheka. Nyumbani hakucheka.

Maana ngano yetu ilikuwa inaharibika. Iliyolundikwa nje ilifunikwa na theluji. Iliyokuwa kwenye kihenge kikubwa cha bati ilipata joto, ikashikana juu ikawa ngumu kama ukoko wa chungu. Chini tulikuwa tukichota ya kulishia nguruwe, kumbe ndani palikuwa pamebaki pango.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi yetu ya Januari Mama alitaka ngano ya kuchemsha na asali, ile ya kimila tunayoiita “kutia”. Nikasema tununue ya mjini. Baba akawaka. Yaani mwaka huu tumezama ndani ya ngano, halafu mezani kwa Wasyl iliwe ngano ya dukani? Na marehemu wetu wakija usiku kukaa kwenye kiti tunachowaachia mezani, tuwaambie nini? Akachukua bakuli akatoka. Mlango wa chini haukutoa hata punje, ngano imekwama. Akapanda juu ya kihenge na mti wa kuchokolea, akaingia, akasimama juu ya ukoko ili auvunje.

Kaka, Baba ametutoka. Ukoko ulikatika chini ya miguu yake, ngano ikamfunika. Nilimsikia akiita mara moja tu. Majirani walipasua bati kwa mashoka, ngano ikamwagika kwenye theluji, na ile ya chini ilikuwa njema kabisa, kavu, inang'aa. Mama aliizoa kwa aproni yake. Ngano aliyoiendea Baba ya mkesha ndiyo tuliyompikia ya matanga.

Tulipokuwa tukimbeba kwenda makaburini, honi ikalia. Mabehewa yamefika, matupu. Waliobeba jeneza hawakugeuza hata shingo, ingawa kila mmoja alijua kwamba asiyepakia siku ile amekosa. Mama ndiye aliyewaambia: tukishamfukia, nendeni mkapakie, na ya kwetu pia, hata yeye angekwenda. Wakaenda, udongo ungali mikononi. Mimi nililia kwa hasira, siku hizo zote treni ilikuwa wapi?

Mama anakusalimu. Hana kinyongo nawe. Siku hizi yeye ndiye anayekwenda kwenye kivuko, amevaa kofia ya Baba ili awe na cha kuvua. Ukipewa njia ya huku, kaka, usitupite kimya.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Olesia