Gari la Spoti na Mguu Wangu wa Kulia

Alhamisi, jioni. Joto la Busia leo limekaa shingoni tangu asubuhi, na mawingu yamejikusanya upande wa ziwa bila kuamua kitu. Nimechoka. Nilikaa hapa barazani muda mrefu kabla ya kukumbuka kuvua viatu, na cha kulia nimekivua kwa kuangalia, si kwa kuhisi.

Hilo la kuangalia nimelikwepa kwenye ukurasa huu kwa miezi. Nimeandika habari za mvua, za majirani, za kuku wanaoharibu mboga zangu. Ukweli ni kwamba mguu wangu wa kulia una ganzi, kuanzia vidoleni hadi kisigino. Ndala inachomoka njiani nami naendelea kutembea mpaka mtu aniite. Sijamwambia yeyote, maana kazi yangu ni kuendesha magari, na mguu wa kulia ndio wenye kazi. Nikiikosa kazi hii nitabaki kuwa mama wa Taaka tu, na Taaka mwenyewe ameshaolewa, ana jiko lake.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: magari yaliyotumika Japani hushuka melini Mombasa, na Barasa, mwenzangu wa Busia ya upande wa Kenya, huyaleta hadi mpakani. Karatasi zikikamilika, mimi huyapokea yadi ya upande huu wa Uganda na kuyafikisha kwa wenyewe, Tororo, Mbale, mara nyingine Soroti. Barasa ni mdogo wangu kwa umri, lakini tumefanya kazi hii pamoja hadi watu wanadhani tumezaliwa nyumba moja.

Tuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Gari linafika kama lilivyotoka. Plastiki ya viti haibanduliwi, saa ya dashibodi inabaki ya huko Japani, na yule mwanamke anayezungumza Kijapani ukiwasha injini anaachwa azungumze. Barasa humwitikia, "Ndiyo, mke wangu." Hatugusi kitufe ambacho hatukuagizwa kugusa, kwa sababu gari likisumbua baadaye, mwenyewe atauliza kwanza ni dereva gani alichezea nini.

Gari la leo lilikuwa fupi, la buluu, milango miwili, limekaa chini hadi nilipoingia nikaona kama nazama. Si gari la kubebea gunia la mihogo. Kwenye dashibodi kulikuwa na herufi S, nyekundu, inawaka.

Sijawahi kuchoshwa na gari namna ile. Nilikanyaga mafuta kama ninavyokanyaga siku zote, likaruka. Nikaachia, likanitupa mbele mpaka mkanda ukanishika. Magari niliyoyazoea hupanda gia mapema, yakitafuta utulivu kama mimi. Hili liling'ang'ania gia ya pili, mshale wa injini unapanda, kelele imejaa ndani, nami nalisihi, panda basi, panda. Nikifunga breki kwa ajili ya tuta, lenyewe lilishusha gia na kunguruma kana kwamba kuna mtu tunashindana naye. Upande wa Tiira, pale wachimbaji wa dhahabu wanapovuka barabara na makarai yao, watu walisimama kunitazama. Mwanamke wa umri wangu, kitambaa kichwani, ndani ya gari linalonguruma na kushtukashtuka. Hata mimi ningesimama nimtazame.

Nikaegesha pembeni, nikampigia Barasa. Nikamwambia giaboksi imekufa.

"Haijakufa, Mama Taaka," alisema. "Hiyo iko kwa spoti. Niliikuta hivyo Mombasa, nikakuja nayo hivyo hivyo. Inashikilia gia ndio nguvu ikae karibu. Na mafuta, ukigusa kidogo, yenyewe inasikia mob, kama umekanyaga yote. Nguvu ni ile ile, ni vile tu haingoji."

"Inanirusha."

"Si ukanyage pole pole. Ama ubonyeze hiyo S izime."

Nikamkumbusha sheria yetu. Akacheka, akaniita askari wa yadi. Nikarudi barabarani nikiwa na hasira na watu waliokaa chini wakatengeneza gari lisilosamehe.

Neno hilo la kusamehe limenikaa kichwani tangu nirudi. Gari la kawaida lina uvivu wake kwenye mafuta. Mguu ukizidisha kidogo, linajifanya halikusikia. Mguu ukiyumba, linapanda gia taratibu na kwenda zake, na wewe unajiona dereva. Magari ya namna hiyo ndiyo niliyopewa miezi yote hii. Lakini njiani sikuwaza hivyo. Njiani niliona kitufe kibaya tu.

Karibu na soko la Tororo nikakwama nyuma ya lori la saruji. Bodaboda ikajipenyeza mbele yangu, imembeba mama mwenye mkungu wa ndizi mapajani. Lori likasogea, boda ikasogea, nami nikataka kusogea kidogo. Nilidhani nimegusa tu. Gari likaruka. Nilipofunga breki, bampa ilikuwa imekaribia mno hivi kwamba yule mama aligeuka na kuweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

Hakupiga kelele. Aliniangalia, akasema kwa Kiswahili cha Tororo, "Mama, wewe nataka kuua sisi?" Alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli na anayetaka kujibiwa.

Mwenye boda akapata nafasi ya kupita, wakaenda. Magari ya nyuma yalikuwa yameanza kupiga honi.

Hapo nikavunja sheria. Nikabonyeza, S ikazima.

Gari likawa mtoto mwingine. Gia zikaanza kupanda mapema, kelele ikashuka, pedali ya mafuta ikalegea chini ya kiatu changu. Kabla sijafika kwa mwenye gari nilikuwa nimeshapata wa kulaumu, na kusema kweli nilifurahi. Si mimi, ni spoti. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno ya kumwambia.

Mwenyewe anaitwa Owor, ana duka la vifaa vya ujenzi chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo. Alikuwa amelisubiri gari hilo kama watu wanavyosubiri mgeni kutoka ng'ambo, ameoga, amevaa shati jipya. Mkewe akanipa kikombe cha chai. Nikamweleza Owor kuhusu S, kwamba nimeizima bila ruhusa yake na aniwie radhi, lakini aiache hivyo hivyo, ile si ya barabara za watu, nusura ituletee msiba pale sokoni. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akafungua mlango wa kushoto.

"Mama, wewe nakaa hapa. Mimi naonyesha wewe."

Nikaingia na kikombe changu cha chai, kwa kuwa sikuona pa kukiweka. Akawasha injini, mwanamke wa Japani akatusalimu, naye akabonyeza S. Nikakishika kikombe kwa mikono miwili nikijiandaa kuungua.

Tukatoka. Gia ziling'ang'ania vile vile. Injini ilinguruma vile vile. Tulipofika kwenye tuta gari lilishusha gia kwa kiburi kile kile. Ila hatukurushwa. Kulikuwa na wanafunzi wanatoka shule, mbuzi wamefungwa karibu mno na barabara, boda zinakata huku na huku, na Owor alipita katikati yao polepole, anasogea, anasimama, anasogea tena. Chai ilizunguka kidogo kwenye kikombe na kutulia. Nilimtazama mguu. Alivaa raba nyepesi, na sikuona mguu ukifanya kitu.

"Mguu nalala tu," alisema, amefurahi mpaka anatia huruma. "Kidole ndio nafanya kazi."

Gari lilikuwa zima.

Nilicheka naye, nikamsifia, nikashuka, nikasaini nilichotakiwa kusaini. Ndani niliogopa. Sijaogopa namna hiyo hata nilipofiwa na baba Taaka, maana huzuni ile ilikuja na watu, walijaa uwanjani wakapika na kuimba. Hii imekuja peke yake. Muuguzi mmoja wa Masafu aliniambia, baada ya kunipima sukari na kuikuta juu, kwamba ugonjwa huu hula hisia za miguu kidogo kidogo, na akanisisitiza nirudi. Sikurudi. Nilijiambia viatu vinanibana. Nikanunua viatu vingine, na vyenyewe nikavilaumu.

Sasa nimejua. Spoti haikuniharibia mguu. Ilikataa tu kunifichia.

Nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wa Barasa. Kesho kuna van ya shule moja ya Masafu, imeshalipiwa kila kitu, inangoja yadi. Aliandika kwamba ni gari laini, nitalala ndani yake, ni pole yangu kwa taabu za leo. Van haina S. Ina pedali ndefu, mvivu, na gia zinazopanda bila kuuliza. Nitaifikisha Masafu, mwalimu mkuu atanishukuru, watoto watakimbilia dirishani, na hakuna atakayejua kitu.

Nakiri wazo hilo lilikuwa tamu. Nimekaa nalo hapa barazani mpaka jirani amemaliza kukusanya nguo zake kwenye kamba. Uchovu una ushawishi wake. Unakwambia malizia tu hii moja, halafu tutaona.

Lakini kila nikifumba macho naona kile kiganja kwenye boneti.

Nikampigia Barasa kabla sijajishauri vinginevyo. Nikamwambia van ya kesho aendeshe yeye, mimi mguu hausikii pedali. Alidhani natania, akaanza kunichokoza kwamba gari la vijana limenizeesha. Nikarudia. Akauliza tangu lini.

"Tangu kabla ya Krismasi."

Nilisikia redio huko kwake, na mtu anasonga ugali.

"Na ile siku ulibeba Nekesa?"

Nekesa ni binti yake, kitinda mimba. Shule zilipofunguliwa nilimpeleka Tororo na sanduku lake la bweni, kwa sababu nilikuwa napitia huko na gari la mtu, na baba yake alikuwa bado yuko njiani kutoka Mombasa. Ni mimi niliyejitolea. Nilisema, mtoto wako ni wangu.

"Hata siku hiyo," nikamjibu.

"Sawa, Mama Taaka." Akakata. Barasa hajawahi kukata simu kabla ya kuniuliza nimekula nini.

Kesho asubuhi atavuka kuja kuchukua karatasi za van. Nitamwomba anishushe hospitali huko Masafu, nikae kiti cha nyuma kabisa ikibidi, na sijui kama atakubali hata kunywa chai kwanza. Hana haja ya kunisema, najisema mwenyewe. Nekesa alilala njia nzima siku ile, kichwa kwenye dirisha, na mimi nilijisifu moyoni kwamba ni kwa sababu naendesha taratibu.